Bei yetu ilikuwa ya chini, daraja letu ni la kwanza, lakini zabuni ya barabara imetupita: tatizo liko wapi?

Mkandarasi wa Singida

Ndugu zangu, salaam. Naomba msaada wa wenye uzoefu, hasa waliowahi kukaa upande wa tathmini ya zabuni au waliowahi kushinda kazi kubwa wakiwa makandarasi wazawa.

Kampuni yangu inafanya kazi za barabara na madaraja. Tulianza zaidi ya miaka kumi na tano iliyopita kwa kuzibua mitaro na kujenga makalavati, tukapanda hatua kwa hatua hadi kwenye barabara za changarawe za wilayani, na kazi yetu kubwa kuliko zote mpaka sasa ni kilomita 6.4 za lami katika mji mmoja mdogo, kwa mkataba wa shilingi bilioni 4 na ushei. Mwaka juzi Bodi ya Usajili wa Makandarasi ilitupandisha hadi daraja la kwanza, ambalo halina ukomo wa thamani ya mradi. Siku nilipokipokea kile cheti niliamini kwamba mlango umefunguka.

Mwaka huu ilitangazwa zabuni ya barabara ya lami ya thamani inayokaribia shilingi bilioni 18, ijengwe kwa miezi 18, kwa fedha za mkopo kutoka taasisi moja ya kimataifa. Tulijua kwamba peke yetu hatuwezi, kwa hiyo tukaungana kampuni tatu za Kitanzania kwa ubia. Nyaraka zilitaka wastani wa mapato ya kazi za ujenzi wa shilingi bilioni 24 kwa mwaka katika miaka mitano iliyopita. Mbia kiongozi alikuwa na wastani wa bilioni 10, wa pili bilioni 8.5 na mimi bilioni 5.8, na ukijumlisha unapata bilioni 24.3. Mbia kiongozi alikuwa pia na mkataba mmoja wa aina hiyo hiyo uliokamilika, wenye thamani iliyotakiwa. Dhamana ya zabuni tuliipata baada ya mbia wa pili kupeleka benki hati ya nyumba anayoishi na familia yake. Wiki mbili za mwisho tulikesha ofisini, vijana wangu wakipitia BOQ, yaani orodha ya kazi, vipimo na bei zake, mstari kwa mstari.

Zabuni zilipofunguliwa, bei yetu ilikuwa ya chini kuliko zote, na kampuni ya kigeni iliyokuja kushinda ilituzidi kwa shilingi milioni 700. Barua tuliyopewa ina sentensi moja tu yenye maelezo, kwamba ubia wetu haukukidhi sharti la wastani wa mapato. Nimejumlisha tena na tena, na kila mara napata kiasi kinachovuka kiwango kilichotakiwa.

Je, tumeonewa, au kuna jambo hatulioni? Na kwa upana zaidi, mkandarasi mzawa apite njia ipi, ikiwa uzoefu wa kazi kubwa hupatikana kwa kufanya kazi kubwa, na kazi kubwa hapewi asiye na uzoefu huo?

Mkadiriaji Majenzi Mstaafu, Dodoma

Ndugu Mkandarasi, pole sana, na mpe pole mbia wako aliyeiweka rehani nyumba ya watoto wake. Nimefanya ukadiriaji majenzi kwa zaidi ya miaka thelathini, na barua ya aina hiyo nimeiona ikivunja moyo wa watu wengi wenye uwezo.

Fungua tena nyaraka, uende kwenye jedwali la vigezo vya sifa za mzabuni. Utakuta safu moja ya mzabuni aliye peke yake, nyingine ya wabia wote kwa pamoja, nyingine ya kila mbia, na ya mwisho ya angalau mbia mmoja. Wengi wetu husoma safu ya wabia wote kwa pamoja na kuishia hapo. Katika nyaraka za mfano za Benki ya Dunia, ambazo wakopeshaji wengine na taasisi nunuzi nyingi huzifuata kwa karibu, jumla ya wabia haitoshi. Kila mbia hutakiwa afikie asilimia 25 ya kiwango kwa mapato yake mwenyewe, na angalau mmoja afikie asilimia 40. Asilimia 40 ya bilioni 24 ni bilioni 9.6, na kiongozi wenu ameivuka. Asilimia 25 ni bilioni 6, na wewe una bilioni 5.8. Kama nyaraka zenu zilikuwa za aina hiyo, na naamini zilikuwa hivyo, basi umekosa kwa milioni 200.

Hiyo bilioni 24 nayo haikuokotwa. Mkataba wa bilioni 18 kwa miezi 18 ni sawa na kazi ya bilioni 12 kwa mwaka, na kwa kawaida kiasi hicho huzidishwa mara mbili, kwa hoja kwamba mkandarasi asiutegemee mradi mmoja kwa pumzi yake yote. Kuhusu uzoefu, utaratibu ni mkali zaidi, kwa sababu mnaruhusiwa kujumlisha mapato lakini hamruhusiwi kujumlisha mikataba midogo ili ionekane kama mkataba mmoja mkubwa. Makandarasi watatu wenye kazi za bilioni 5 kila mmoja hawahesabiwi kuwa na kazi ya bilioni 15. Kwa hiyo cheti chako cha daraja la kwanza kinasema kwamba sheria inakuruhusu kujenga, ilhali jedwali lile linauliza kama ulikwisha kujenga kitu cha ukubwa huo na kama unaweza kukaa miezi kadhaa bila kulipwa.

Nataka nikae kidogo kwenye hilo la kukaa bila kulipwa, maana ndilo ninaloliona kuwa kiini cha matatizo yetu, na kelele nyingi kuhusu bei na upendeleo hulificha. Tuseme mngeshinda. Kabla hata ya kupeleka greda, mngetakiwa kutoa dhamana ya utekelezaji, ambayo mara nyingi ni asilimia 10, yaani bilioni 1.8. Mkitaka malipo ya awali ya asilimia 15, mnapeleka dhamana nyingine ya bilioni 2.7. Hizo ni bilioni 4.5 za dhamana, na benki zetu huzidhamini kwa hati za viwanja na majengo au kwa fedha taslimu zinazofungiwa kwenye akaunti, tena kwa ada inayoendelea kukatwa mkataba ukirefuka. Mfuko wa Kusaidia Makandarasi ulio chini ya Bodi umewabeba wengi katika dhamana za zabuni na za malipo ya awali, lakini ulilenga makandarasi wadogo na wa kati, na mzigo wa ukubwa huu ni wa benki.

Kisha kazi inaanza. Chukua hati ya malipo ya shilingi milioni 900, iliyoidhinishwa na mhandisi mshauri, ikachelewa kulipwa kwa miezi mitano. Dizeli, mishahara na kokoto umevilipia kwa mkopo wa riba ya asilimia 16 kwa mwaka. Riba ya miezi mitano ni milioni 60. Kama uliweka faida ya asilimia 8, faida yote ya kazi hiyo ni milioni 72. Umebakiwa na milioni 12, na bado hujagusa makato yanayozuiwa hadi uishe muda wa matazamio, yaani muda wa kurekebisha kasoro baada ya kazi kukamilika. Kampuni ya kigeni iliyokushinda huenda inakopa kwa riba ndogo kwao, inadhaminiwa na kampuni mama, na mitambo yake ilikwisha kujilipa kwenye miradi miwili iliyopita. Mhandisi wenu anaweza kuwa bora kuliko wa kwao na bado mkaelemewa na hesabu hii.

Jambo moja la mwisho, na usilipite haraka. Katika nyaraka hizo, mapato ya mwaka huhesabiwa kwa malipo yaliyoidhinishwa na kupokelewa. Kazi uliyoifanya ukaidai tu haimo. Serikali au taasisi inapochelewa kukulipa, unaumia leo kwenye riba na unaumia tena mwakani kwenye sifa za zabuni.

Mkandarasi Mwanamke, Iringa

Mzee wetu Mkadiriaji ameeleza vizuri, nami naomba kuongeza kuhusu uzoefu, kwa sababu nililipia somo hilo kwa gharama kubwa.

Kwa muda wa miezi 14 kampuni yangu ilisomba kifusi, ikamwaga na kushindilia tabaka la chini la barabara za kuingilia kwenye mradi mmoja mkubwa, chini ya kampuni ya kigeni. Nilikuwa na malori sita, mitambo miwili ya kushindilia na boza moja la maji, na nilikuwa na watu 40 kwenye orodha ya malipo. Kila asubuhi msimamizi wao alikuja na daftari lenye jalada jekundu, akaandika idadi ya tripu na saa za mitambo, mimi nikatia sahihi pembeni. Mwisho wa mwezi walilipa kwa daftari lile, na walilipa vizuri. Mkataba wa maandishi sikuwa nao, kwa sababu kila nilipouliza niliambiwa kwamba unaandaliwa makao makuu.

Mradi ulipoisha niliomba barua ya kuthibitisha kazi niliyofanya. Nikapewa karatasi isemayo kwamba kampuni yangu "ilikodisha mitambo". Kukodisha mitambo hakuhesabiwi kama ujenzi, na tabaka lile nililolishindilia mimi, lililopimwa na maabara na kukubaliwa, leo lipo kwenye wasifu wa mtu mwingine.

Nasema hivi kwa sababu nyaraka nyingi za zabuni kubwa hukubali uzoefu ulioupata kama mkandarasi mdogo chini ya mkandarasi mkuu au kama mbia, alimradi uonyeshe mkataba, thamani ya sehemu yako na hati ya kukamilika. Huo ndio mlango halisi wa kulitatua lile swali la mwisho la Ndugu wa Singida. Lakini mlango huo hufungwa siku ya kwanza, pale tunapokubali kuanza kazi kwa maneno ya mdomo kwa kuogopa kwamba tukidai karatasi, kazi atapewa mwingine. Mimi sasa sipeleki hata koleo kabla ya mkataba unaotaja tabaka gani, kutoka kilomita ipi hadi ipi, na nani atasaini hati ya kukamilika. Nimepoteza kazi mbili kwa msimamo huo, na sijutii.

Mwanakandarasi wa Nakuru

Hamjambo ndugu zetu wa Tanzania. Huku Kenya kanuni za Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi zinamtaka mwanakandarasi wa kigeni kuingia ubia na kampuni ya hapa au kuipa kandarasi ndogo kwa kiasi kisichopungua asilimia 30 ya thamani ya kazi. Kwenye karatasi ni jambo jema, nami nimenufaika nalo mara moja. Kasoro yake ni kwamba asilimia hizo 30 zaweza kujazwa kwa ulinzi, usafiri na uchimbaji wa mitaro, huku lami, madaraja na usanifu vikibaki kwa mgeni. Ukimaliza umelipwa, ila hujapanda. Tena miradi mingine haifiki kwenye ushindani wowote ambao tungeweza kuuingia, kwa kuwa mkopo wenyewe huja na mjenzi wake, kama tulivyoona reli ya Mombasa hadi Nairobi ikijengwa kwa mkopo wa benki ya Exim ya China na kampuni ya China.

Kuhusu kucheleweshewa malipo, sisi tumefika mbali zaidi yenu. Malimbikizo ya madeni ya wanakandarasi wa barabara yalikua hata Serikali ikaamua mwaka 2025 kuweka dhamana shilingi 7 kati ya shilingi 25 za tozo ya matengenezo ya barabara kwa kila lita ya mafuta, ili ipate shilingi bilioni 175 za Kenya za kuwalipa. Wenzangu waliolipwa wamerudi kazini. Waliokuwa wamekwisha kunyang'anywa mitambo na benki hawakurudi, na hakuna malipo yaliyochelewa yatakayowarudisha.

Afisa Ununuzi

Nafanya kazi ya ununuzi katika taasisi ya umma, sitaitaja, na ninayoandika ni maoni yangu mwenyewe.

Ndugu wa Singida, nakuomba utofautishe mambo mawili. Sheria ya Ununuzi wa Umma Na. 10 ya mwaka 2023 na kanuni zake za mwaka 2024 zimepanua sana nafasi ya wazawa, na kazi za ujenzi zisizozidi shilingi bilioni 50 zimetengwa kwa kampuni za wazawa. Mradi wa bilioni 18 kwa fedha za ndani ungekuwa wenu ninyi kwa ninyi. Huu wenu ulikuwa wa mkopo, na penye makubaliano ya kimataifa taratibu za mkopeshaji ndizo zinazotangulia. Upendeleo unaoruhusiwa na Benki ya Dunia kwa makandarasi wa nchi husika, wa asilimia 7.5 kwenye kulinganisha bei, humsaidia aliyekwisha kuvuka vigezo vya sifa, kwa hiyo haungewasaidia ninyi mliokwamia kabla ya hapo.

Pili, kizidisho cha mara mbili si Msahafu. Katika zabuni za fedha zetu wenyewe kigezo huandaliwa na taasisi nunuzi, na nakiri kwamba mara nyingi sisi maafisa tunanakili vigezo vya mradi uliopita bila kujiuliza kama vinafaa soko letu. Ningekuwa naandaa kazi ya bilioni 18 kwa ajili ya wazawa, ningetumia moja na nusu. Kiwango kingekuwa bilioni 18, robo yake ni bilioni 4.5, na wewe ungepita. Ningefikiria pia kuigawa katika mafungu mawili. Hayo yote mzabuni anaweza kuyauliza kwa maandishi katika kipindi cha ufafanuzi, kabla ya tarehe ya mwisho, na taasisi inalazimika kujibu. Katika miaka tisa nimepokea maswali mengi kuhusu muda wa kutembelea eneo la kazi na machache mno kuhusu vigezo. Malalamiko ya vigezo hunifikia matokeo yakishatoka, na wakati huo hata niliyekosea siwezi kurekebisha.

Niseme pia kwa uchungu kwamba tunapoteza wazawa wengi kwa mambo yasiyohusiana na mtaji. Nimewahi kutathmini pendekezo la ujenzi wa daraja ambalo maelezo yake ya mbinu za kazi yalieleza namna ya kupaua bweni, yakitaja bati na kenchi. Nimeona wahandisi walioorodheshwa na kampuni tatu tofauti kwenye zabuni moja. Taarifa za wataalamu na mitambo kwenye NeST, mfumo wa kielektroniki wa ununuzi wa umma, ziandaliwe mapema na zihuishwe mwaka mzima, kwa sababu usiku wa kuamkia kufungwa kwa zabuni si wakati wa kutafuta cheti cha mpima ardhi.

Kama bado mna shaka kwamba tathmini ilifuata nyaraka, haki ya kuomba mapitio na kukata rufaa ipo, lakini siku zake ni chache. Hesabuni leo.

Mkandarasi wa Singida

Nawashukuru sana nyote. Nimefungua jedwali alilolitaja Mzee Mkadiriaji. Ni kama alivyosema: asilimia 25 kwa kila mbia, asilimia 40 kwa angalau mmoja. Tulilisoma sote watatu, na hakuna aliyeiona safu ile. Sitakata rufaa, kwa sababu nyaraka zilisema wazi na kosa ni letu.

Lakini niliposoma kwamba mapato ni yale yaliyopokelewa, nilimwita mhasibu wangu tukafungua majalada ya miaka mitano. Kuna hati za malipo nne, kutoka taasisi mbili za umma, zilizoidhinishwa na hazijalipwa mpaka leo, ya zamani kuliko zote ikiwa ya miezi 19 iliyopita. Jumla yake ni shilingi bilioni 1.3. Ukiigawa kwa miaka mitano ni milioni 260 kwa mwaka. Ukiziongeza kwenye wastani wangu wa bilioni 5.8 unapata bilioni 6.06.

Nimekaa na karatasi hiyo mezani tangu jana jioni. Kazi hizo nilizifanya, zikapimwa, zikasainiwa. Kama ningelipwa kwa wakati, tungevuka kigezo.

Mkadiriaji Majenzi Mstaafu, Dodoma

Ndugu yangu, hesabu hiyo iandike kwa barua, uiambatanishe na nakala za hati zote nne, uzipelekee taasisi zote mbili. Soma kila mkataba kifungu cha malipo yaliyochelewa, maana kwa kawaida kuna riba unayostahili kuanzia siku ambayo muda wa kulipa ulipita, na makandarasi wengi hawaidai kwa kuogopa kuonekana wakorofi. Idai kwa adabu, kwa tarehe na kwa tarakimu. Wakati huo huo kaa na wabia wako mapema mkubaliane nani ataongoza kazi ijayo, na muingize katika mkataba wa ubia sehemu ya kila mmoja kwa asilimia, kwa sababu uzoefu utakaohesabiwa kwako baadaye ni wa sehemu yako tu. Na ile nyumba ya mwenzenu, hakikisheni benki imeirudisha hati sasa kwa kuwa dhamana ya zabuni imekwisha kazi yake.

Mkandarasi wa Singida

Hati ya nyumba ilirudishwa Ijumaa, mzee wangu, nilikwenda naye benki mwenyewe. Barua mbili zimekwisha kuandikwa. Kesho saa mbili asubuhi nitakuwa kwenye ofisi ya taasisi ya kwanza nikiifuatilia hati namba 7, ile ya miezi 19.